Jina Nisilolitaja Limefika Mahakamani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujaanza kunipa pole nakuambia kabisa sikuandikii habari za mume, wangu alinitunza na nikamzika vizuri. Mwandiko huu ni wa kisomo cha watu wazima, kama kuku amepita kwenye majivu, lakini nimeandika mwenyewe, usije ukasema nimeandikiwa.

Mimi ni Mbarabaig wa Gendabi, mlango wangu unatazama mlima Hanang. Kwetu mwanamke akiolewa hataji jina la baba mkwe wake mpaka anaingia kaburini, si kwa hasira, ni heshima, na hata maneno yanayofanana na jina hilo tunayazunguka, kuna mti mimi nauita ule wa mipini tangu nilipoolewa na wajukuu wananicheka, wacha wacheke. Nilipoletwa bibi harusi niligoma mlangoni kama inavyotakiwa, wakaniahidi hiki na kile nikanyamaza, mpaka mkwe wangu mwenyewe akasema mpeni yule mtamba mwekundu, ndipo nikaingia, nikawa mtu wa nyumba ile. Alipokufa alizikwa kwa heshima yetu kubwa, kaburi likajengwa kwa udongo na miti mpaka likasimama kama kilima kidogo, watu wakaja kutoka mbali kwa pombe ya asali, na mimi jioni nikimaliza kazi nilikuwa nakwenda kukaa ubavuni pake nashona shanga zangu, sisemi kitu, nakaa tu. Na mume wangu alipomfuata baba yake niliendelea kukaa pale, kwa sababu nikikaa pale nasikia bado ni mke wa mtu.

Sasa hapakaliki tena. Kuna jirani yetu mwenye trekta. Baba yake alishuka kutoka juu, Mbulu, na njaa yake, mkwe wangu akampa ng'ombe wa kukamua na mahali pa kujenga, naye kwa shukrani akampa mwanawe wa kwanza jina la mkwe wangu. Umeelewa hapo? Huyo mtoto nimemfuta kamasi kwa kidole hiki na jina lake sijaliita hata mara moja, nilikuwa namwita "wewe" naye anakuja mbio kunywa maziwa. Leo ni mtu mzima na tumbo lake, amelima mpaka kwenye kaburi la mzee aliyempa jina, mahindi yanaegemea udongo wake, amezungusha waya wa miiba, na mimi ninalitazama kaburi kwa mbali kama ng'ombe aliyefungiwa nje ya zizi.

Akaja kijana wa redio ndogo ya huku kwetu, Hilary, anauliza wanawake habari za ardhi, akaninyooshea kile kidude chake mdomoni akasema, Bibi, nani amelima kaburi? Nikamwambia, jina lake siwezi kulitaja kwa mdomo wangu. Akasema, unaogopa? Nikamwambia, niogope nani, mtu niliyemfuta kamasi? Andika hivi, huyo mtu alikunywa maziwa ya aliyelala pale na leo anamlima kama shamba. Hilary akarusha vile vile, Gendabi nzima ikasikia, na mwenye trekta akaenda mahakamani kusema amekashifiwa, amemshtaki Hilary na redio yake, na wakishindwa watauza mpaka ule mlingoti.

Wakili wa Hilary ni mjukuu wangu Letisia, binti wa mwanangu Nicodemo. Yuko Arusha, kazi yake ni hiyo, waandishi wa habari wakisema jambo wakashtakiwa, yeye ndiye anasimama. Nilijivuna mpaka kanisani, nikasema sasa kaburi limepata mtetezi. Akaja nyumbani na mafaili yake, nikampa maziwa kwenye kibuyu chake kilekile cha utotoni, akaweka chini hajanywa, akaniambia, Bibi, wewe mahakamani usije, kaa nyumbani na usiongee na mtu.

Nikamuuliza, kwa nini?

Akasema, kwa sababu redioni hukutaja jina. Mdai lazima athibitishe kwamba aliyesemwa ni yeye. Akishindwa, kesi imekwisha, Hilary anarudi kazini.

Nikasema, lakini ni yeye.

Akasema, najua ni yeye, Bibi. Hakimu ni mgeni huku, yeye hajui.

Nikasema, kumbe kazi yako Arusha ni kufungua midomo ya watu, ya bibi yako ndiyo unakuja kuishona? Na kaburi je?

Akasema, kaburi ni kesi nyingine.

Nikasema, basi na mimi ni bibi mwingine, nenda katafute wako.

Hapo mtoto akapandwa na hasira, akasimama akasema, haya njoo basi! Njoo mbele ya hakimu ulitaje hilo jina! Na alijua anachosema, mshauri, amekulia mikononi mwangu, alijua. Nikamwonyesha mlango. Akaondoka, maziwa yakabaki yamejaa mpaka nikamwagia ndama. Amepiga simu, naiangalia inalia mpaka inanyamaza yenyewe.

Juzi nilikwenda zizini peke yangu nijaribu kulitaja nione. Ng'ombe wote wakanitazama. Ulimi ukagoma kama punda kwenye mto. Na hata ungekubali, mshauri, nikilitaja nitakuwa mke wa nani? Mzee amekwenda, mume amekwenda, kaburi lina waya, nimebakiwa na hilo tu la kutolitaja. Nisipolitaja, itasemwa mahakamani kwamba sikumsema mtu, kwamba niliropoka tu kama mlevi wa mnadani, na mimi nilimsema.

Usiniambie nimwombee huyo mwenye trekta. Namwombea. Kinachoniumiza zaidi sikutegemea kukiandika. Letisia alipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda naye kule kaburini, naye hana mwiko, ni damu yao, basi anasimama anaelekea mlimani anaita jina la baba wa babu yake kwa sauti yake yote, mlima unamrudishia, anaita tena, na mimi nimeziba masikio kwa mikono miwili huku nacheka mpaka shanga zinamwagika. Ninamtamani mtoto yule. Ninatamani kukaa pale jioni moja tu. Niende mahakamani au nikae kama alivyoniagiza? Jibu haraka, na usizunguke.

Bibi Scolastica, Gendabi

MAMA AGATHA ANAJIBU

Shikamoo, Bibi. Nimetanguliza salamu kwa sababu nitakugombeza, na sitaki useme sina adabu.

Kwanza simu. Mtu mzima anaiangalia simu ya mjukuu wake mpaka inanyamaza, halafu anachukua kalamu kumwandikia mgeni kwamba anamtamani! Mjukuu unaye, anakupigia, na wewe umekaa unahesabu nani alimkosea nani. Alisema neno baya, ndiyo. "Njoo ulitaje" halikuwa neno la kumwambia mke wa watu, akija mwambie hivyo usoni. Lakini na wewe ulimwambia akatafute bibi mwingine. Mmetoka sare.

Pili, acha kumwonea kwa kazi yake. Anayeshtakiwa si wewe, wala kaburi halijashtakiwa. Ni Hilary, kijana aliyekunyooshea kidude mdomoni akarusha ulichosema bila kukibadilisha. Wakili aliyeshika mzigo wa mtu anatafuta kwanza njia fupi ya kumtoa, na njia ya Letisia ni fupi. Ungekuwa wewe ndiye Hilary, ungemshukuru.

Ila njia hiyo haitafika, na hapa namgombeza yeye pia, kama anasoma. Hakimu ni mgeni, sawa, lakini majirani si wageni. Mwenye trekta atamsimamisha mama yeyote wa Gendabi, aulizwe, bibi huyu ni jina gani asiloweza kulitaja? Na yule mama atajibu mara moja. Bibi, usijidanganye na wala usidanganywe, wewe ulimtaja. Uliposema "siwezi kulitaja kwa mdomo wangu", kila mtu mwenye jirani Mbarabaig alimjua papo hapo. Hukuropoka, basi usikubali isemwe uliropoka.

Inabaki njia ndefu, ya kusema kwamba mliyoyasema ni kweli. Nilimuuliza mwanasheria mmoja nisije nikakupotosha, akasema jambo likiwa la kweli hilo lenyewe ni utetezi, lakini lazima lionekane. Na lenu linaonekana. Kaburi liko pale, mahindi yako pale, waya uko pale, na hakimu akiombwa anaweza kwenda kutazama kwa macho yake. Ni njia ngumu, mnaweza kushindwa, na shingo iliyowekwa pale ni ya Hilary. Kwa hiyo msikae nyinyi wawili kumwamulia. Letisia amwite, amweleze njia zote mbili, achague mwenyewe. Akichagua fupi, utakaa nyumbani na utanyamaza, na ukoo wenu utafungua kesi ya kaburi kwenye baraza la ardhi, jambo ambalo Nicodemo na ndugu zake walipaswa kulifanya tangu jembe la kwanza. Wako wapi hao wanaume? Waambie nimeuliza.

Akichagua ndefu, utakwenda. Sasa sikiliza, maana hili ndilo linalokunyima usingizi na halikustahili. Hakuna atakayekulazimisha kulitaja. Mwanasheria huyo aliniambia wakili haruhusiwi kumwekea shahidi wake jibu mdomoni, lakini shahidi anaruhusiwa kuonyesha. Letisia atakuuliza, aliyelima kaburi yumo humu ndani? Utanyoosha mkono, kidole kilekile cha kamasi, umwonyeshe pale alipokaa na tumbo lake. Mwambie Letisia amweleze hakimu mwiko wako mapema, asidhani una kiburi. Kiburi unacho, lakini si cha hapo.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma, mpigie wewe. Usingoje apige. Mwambie kibuyu chake kimeoshwa na maziwa yapo, na safari hii asipokunywa hamzungumzi kesi.

Halafu siku ya mahakama, ukishanyoosha mkono, Letisia atamgeukia hakimu ili iandikwe kwamba shahidi amemwonyesha mdai, naye atalitaja jina la mdai, lote, kwa sauti, mbele ya watu, kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu yeye ni damu yao na hana mwiko. Siku hiyo, Bibi, mikono yako iache mapajani. Lisikie.