Dakika Ishirini na Saba

Maskat, 6 Februari 2023

Mjukuu wangu Shaza,

Leo natimiza miaka hamsini na miwili tangu nitoke Changamwe. Hamjambo nyote? Mwambie dada yangu, bibi yako Kuluthum, kwamba goti langu limepoa, lake je?

Binti yangu Salha anakuja huko, anakuletea saa yangu, ile niliyoivaa nikipiga hesabu za safari za ndege hapo uwanjani. Pete ya nje inazunguka, tarakimu zake ni umbali. Za ndani hazisogei, ni dakika. Weka mwendo wa ndege juu ya 60, kisha tafuta umbali kwenye pete. Chini yake utasoma dakika. Umesema mtihani wa urubani hauruhusu kikokotoo. Saa wataruhusu.

Nakuazima tu. Nitakuja kuichukua mwenyewe.

Babu yako, Obeid

Changamwe, 27 Februari 2023

Shikamoo babu,

Goti la bibi humsumbua akipanda ngazi, kwa hivyo hapandi. Sisi wazima.

Saa siivui. Munga wa tuktuk aliapa anakwenda sitini. Tulikwenda kilomita saba kwa dakika kumi na tano. Nikazungusha pete, ikasema ishirini na nane. Abiria walimcheka, na tangu siku hiyo haniitikii salamu.

Jana nikakutafuta wewe. Hadi Maskat ni maili za baharini 1,980, na ndege huenda maili 440 kwa saa. Nikaweka 44 juu ya 60, nikatazama chini ya 19.8: 27. Babu, uko dakika ishirini na saba tu? Kivuko cha Likoni hunichelewesha zaidi. Bibi anauliza ateleke wali?

Mjukuu wako, Shaza

Maskat, 11 Machi 2023

Marahaba mjukuu wangu,

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Pete haijui sufuri. 27 yake yaweza kuwa 2.7, yaweza kuwa 270. Sufuri unaiweka mwenyewe, kwa akili. Ndege ya maili 440 kwa saa itamalizaje karibu elfu mbili kwa nusu saa? Ni dakika 270, masaa manne na nusu. Mtihanini kosa hilo litakuangusha.

Wali usubiri.

Babu yako

Changamwe, 3 Juni 2023

Shikamoo babu,

Nimepita. Wallahi nimepita. Swali la tisa Chrispine, jirani yangu, aliandika dakika 14. Mimi nikakusikia wewe na sufuri yako, nikaandika 140. Masomo yanaanza Septemba.

Bibi amekipaka rangi chumba chako. Babu, ni masaa manne na nusu. Unangoja nini?

Shaza wako

Changamwe, 20 Agosti 2023

Shikamoo babu,

Hujajibu. Kama nimekosa adabu, nisamehe. Hujambo lakini? Saa ipo, haina mkwaruzo.

Mjukuu wako

Maskat, 2 Septemba 2023

Marahaba, rubani wangu,

Hujakosa chochote. Barua yako nimewasomea wazee wote wa msikitini. Mmoja sasa ananikwepa.

Mwezi wa Julai daktari alinikataza ndege. Ningeweza kumsingizia yeye, lakini moyo huu ulikuwa mzima miaka hamsini na miwili. Kila mwaka niliweka 44 juu ya 60, nikasoma 27, nikasema mwakani. Njia haikuwa ndefu hata siku moja. Ni kwamba huku nimeoa, nimezaa, nimezika.

Chumba hicho kiwe chako cha kusomea. Bibi yako nimempigia simu. Amelia, kisha amenitukana, sasa tuko sawa.

Siku utakayorusha ndege ya kuja huku, nijulishe umeondoka saa ngapi. Nitaongeza dakika 270, niwe nimesimama mlangoni pa uwanja kabla hujatua.

Saa ni yako. Mimi sitarudi.

Babu yako, Obeid