Dalali Aliyesahau Nyumba Yake

Baba,

Shikamoo. Nimeitoa kwa sababu Mama amenilea kwa adabu, si kwa sababu moyo umetaka. Kuandika ulinifundisha wewe mwenyewe, basi leo soma.

Nyumba imeuzwa. Nyumba yetu ya mawe, uliyomwingiza Mama akiwa mwali. Imeuzwa, na mimi nimekasirika, na wa kukasirikiwa nawajua: kwanza Masudi, pili kaka Athumani, tatu wewe. Usidhani nimekuweka mwisho kwa sababu kosa lako ni dogo.

Masudi uliyemfundisha udalali, ukamlisha, ukawa unamwita mwanangu mbele za watu! Maji ya kukuoshea hayajakauka, akaleta watu wa chokaa. Mama yuko ndani anakaa eda yako, kajitanda kaniki yake, anasikia brashi zinakwaruza ukuta wa mbele. Akaniuliza, "Mwanaidi, nani anapaka chokaa na mwenye nyumba amekufa?" Nikamwambia ni kwa jirani. Mwezi wa kwanza wa msiba wako nikaanza kumdanganya mama yangu kwa ajili ya Masudi.

Kaka Athumani ndiye aliyemruhusu. Anasema mirathi haingoji, na yeye Dar es Salaam ana duka la kufungua. Nikamwambia mjane wa eda hatolewi wala haonyeshwi watu. Akasema, "Nani kasema atolewe? Watu wanakuja kutazama tu." Kutazama tu, Baba. Kama vile Mama ni mbuzi wa mnadani.

Wewe hukuuza hivyo, na hilo ndilo linalonichoma. Ulianza udalali wa nyumba Mjerumani alipoondoka, na kila aliyetaka nyumba Bagamoyo, awe Mhindi wa duka au mtu wa Kaole aliyepata pesa za nazi, alikuja kukaa barazani kwetu. Hukumtajia nyumba kwanza. Ulimuuliza ana wake wangapi, watoto wangapi, anaswali msikiti gani, mama yake mzazi anakaa naye au la. Ulipokwisha kujua, ndipo ulipochagua nyumba. Na ulimpeleka mvua ikinyesha, ili aone inakovuja. Watu walikucheka, dalali gani huyu anaonyesha nyumba kwa masika! Lakini waliokucheka ndio waliokuja kununua kwako, maana walijua ukisema ukuta ni mzima, ni mzima. Kisha ulimkalisha kwa jirani anywe kahawa. Ulikuwa ukisema mtu hununua jirani kwanza, nyumba baadaye.

Wanawake uliniachia mimi. Wewe na mume mkibaki ukumbini, mimi nilimpitisha mke mlango wa uani, nikamwonyesha jiko, kisima, choo, pahali pa kuanikia nguo. Nikirudi ulininong'oneza, "Kasemaje?" Nikikwambia kaonja maji ya kisima akatema, ulijua biashara imekufa, hata kama mume keshatoa mkono. Tukirudi nyumbani ulininunulia kashata, biashara imekufa au imepona, tukala njiani huku ukiwaigiza wanunuzi wanavyotembea wakijifanya hawakuipenda nyumba. Nilikupenda sana siku zile. Wallahi nilikupenda.

Sasa sikiliza mwanafunzi wako alivyofanya. Alimleta mfanyabiashara wa Pangani na mkewe, jua kali, ukuta unang'aa. Vyumba vyote amefukiza udi kuua harufu ya unyevu. Barazani kaweka wapiga soga wawili wa sokoni, wanabishana kwa sauti kubwa ati na wao wanaitaka nyumba, mmoja anaongeza, mwingine anaongeza, na najua kwamba wote wawili hawana hata kitanda chao. Kaka Athumani anakenua meno tu. Masudi akampitisha yule bwana ukumbini, wakaanza kuhesabu boriti za dari, na sauti zao zinaingia moja kwa moja chumbani kwa Mama. Nikamsikia yule bwana anauliza, "Na chumba hiki?" Masudi akajibu, "Hicho kina vyombo vya marehemu tu."

Vyombo! Mama yangu akaitwa vyombo, naye anasikia.

Nilitaka kutoka nimrarue. Badala yake nikaenda mlango wa uani nikampokea yule bibi kama ulivyonifundisha, "Karibu, mama, karibu ndani." Nikamwonyesha jiko. Nikamchotea maji ya kisima akaonja. Nikamwambia apitishe kiganja kwenye ukuta wa nyuma, chini, mahali chokaa ilipokuwa mbichi. Akakitazama kiganja chake. "Kumbe kuna chumvi," akasema. Nikamwambia ipo tangu sijazaliwa, na dari ya chumba cha mashariki huvuja ikinyesha mvua ya upepo. Kisha akanyoosha kidole mlango uliofungwa.

Nikasema, "Humo yumo mama yangu. Yuko eda ya baba yangu, mwenye nyumba hii."

Yule bibi akashika mdomo. "Inna lillahi! Sisi tumeambiwa nyumba tupu!" Akavua viatu akaingia. Sikuingia naye, nikasimama pale pale nikamsikia akimpa Mama pole, kisha nikawasikia wote wawili wanalia. Baba, toka ufe Mama hakuwa amelia kwa sauti. Alimngoja mgeni aliyekuja kumnunulia nyumba.

Alipotoka alisimama nyuma ya mlango wa ukumbi akamwita mumewe. "Bwana, twende zetu. Nyumba hii ina mtu wa eda. Siwezi kuja kulala juu ya machozi ya mwenzangu." Masudi akaanza maneno yake ya sukari, siku chache tu, bibi, jambo dogo. Yule bwana akamjibu, "Dalali, lingekuwa dogo ungeniambia." Wakaondoka, na wapiga soga wakaondoka, maana hapakuwa tena na wa kumzidishia bei.

Masudi akaniambia, "Umeniharibia. Baba yako angekuwa hai angekuzaba kofi." Nilimtemea mate, Baba. Yalimpata kanzuni. Sijutii.

Kesho yake nikaenda kwa kadhi. Akasema haki iko wazi: Mama hasogezwi mpaka eda iishe. Nikafurahi. Nikamuuliza, na ikisha? Akanitazama kwa huruma. Nyumba ni ya marehemu, akasema, hugawiwa warithi. Mjane ana thumuni yake, fungu moja katika manane, watoto wana mafungu yao, na mmoja akidai fungu lake na wenzake hawana cha kumlipa, nyumba huuzwa. Kisha akatikisa kichwa. "Marehemu aliyajua haya. Kila aliyemuuzia nyumba alimleta hapa, akimsihi aandike hiba, ampe mkewe chumba chake angali hai. Nikadhani yeye alianza na nyumbani kwake."

Mganga hajigangi, watu husema, na hucheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mama kama alikuwa akijua. Akasema alikuwa akijua. Akasema kila mwaka alikukumbusha, na kila mwaka ulimjibu, "Nikishauza hii iliyo mkononi." Kisha akaniambia nisimseme marehemu.

Wake wa watu uliwapigania! Mke wa Mhindi, mke wa mtu wa Zinga, wake ambao hukuwahi hata kuziona sura zao. Na huyu aliyekupikia, aliyewachemshia kahawa wateja wako wote, huyu ulimwambia angoje. Ulikuwa unaogopa nini? Ulidhani ukimwandikia utakufa? Basi umekufa na hukumwandikia.

Eda ilipokwisha, watu wa Pangani walirudi. Yule bibi ndiye aliyewarudisha. Hawakutaka kumwona Masudi, wakasema watazungumza na mimi. Nikawauzia, mimi mwanamke, nyuma ya pazia la ukumbi, na kila ufa nikautaja. Kaka kachukua fungu lake kaenda zake. La Mama na langu tumeyaunganisha, tumepata nyumba ya udongo kule Kaole, vyumba viwili na ua. Nimeiandikisha kwa kadhi kwa jina la Mama kabla hatujaingiza hata mkeka.

Siku ya kuhama, wapagazi wamekwisha toa kitanda, Mama akashika ufagio. Akaanza kufagia chumba kwa chumba. Nikamwambia, "Mama, si yetu tena." Akasema nyumba haikabidhiwi chafu. Nikamnyang'anya ufagio, akaurudisha mkononi mwake, akafagia mpaka kizingitini akiinama na kiuno chake kile kinachomuuma. Mwenye nyumba mpya amesimama nje anangoja, na hakuthubutu kumharakisha.

Ndiyo habari. Sijui kama huko mliko mnapata za huku. Mama hajambo, anakuombea, na ananitaka nikusamehe. Bado sijaweza. Sitasema uongo kwa maiti.

Lala salama, Baba. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa nitakusomea Yasini, yote, kwa utaratibu, sitaruka hata herufi. Nikimaliza, nitakasirika tena.

Mwanao,
Mwanaidi