Uyoga Ulioutoa Vugiri

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima ile ile uliyonilea nayo. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Ninyi je, mmeamkaje? Goti la mama linamruhusu kuinuka, au bado anapika akiwa amekaa kitako? Na kikohozi chako kimekwisha? Kikohozi hicho sasa najua ulikitoa wapi, nitafika huko.

Anayekuletea barua hii ni dada mmoja wa Mashewa, tunakaa naye jengo moja huku Ubelgiji, anakuja likizo. Mpokeeni vizuri. Nilipougua wakati wa baridi ndiye aliyenipikia uji. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ukisikia maneno mazito unampa mama, na mama naye anaanza kuniuliza kama nimekula. Isome mwenyewe. Miwani ikikusumbua, mama akusomee. Mdogo wangu Hamza asiisome.

Maisha ya huku ni yale yale. Asubuhi chuoni, na siku za mapumziko naosha vyombo kwenye jiko la hoteli moja. Maji yao yana dawa kali, vidole vinachubuka mpaka kushika kalamu kunauma. Unga naununua kwa Mmoroko mmoja. Ugali wake haushikani kama wa kwetu, lakini unashibisha. Majani yameanza kupukutika, na wazungu wanaingia msituni na vikapu kuokota uyoga. Watu wazima kabisa, baba, wanafurahi kama watoto waliotoka shuleni. Wanaoupenda zaidi ni ule ambao chini ya kofia hauna mikunjo kama kurasa za kitabu, bali una matundu madogo madogo kama sponji. Mwalimu wangu alitupeleka na sisi. Nilipoinama kuuchuma mmoja nilimkumbuka mama na kisu chake kidogo, ikabidi nijifanye nafunga kamba za viatu.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Unaujua ule uyoga mweusi wa kichaka chetu, ambao mama anauchemsha, anamwaga maji ya kwanza, halafu anaupika na karanga. Huku unaitwa Afroboletus. Hilo ni jina la jenasi yake, kama tungesema mlango wake katika ukoo mmoja mkubwa wa uyoga wenye matundu. Mlango huo uko Afrika tu. Kofia yake ina magamba meusi yaliyosimama kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Ukiukata, nyama yake inakuwa nyekundu, baadaye inakuwa nyeusi. Mbegu zake ni vumbi tupu, lakini ukiliweka vumbi hilo kwenye darubini unaona kila chembe ina matuta yaliyotoka ncha hadi ncha, kama tikiti. Zamani wataalamu waliuchanganya na ndugu zake wa Ulaya na Asia, mpaka walipoona kuwa chembe za wale hazina matuta ya namna hiyo, ndipo wakaupa jina lake. Nilipoyaona matuta yale mara ya kwanza nilikupigia simu hapo hapo, na wewe ukamwita mama kwa sauti: "Njoo umsikie mwanao, anasema uyoga wako una matikiti!"

Na nilikueleza kwamba uyoga ule hauoti peke yake. Nyuzi zake, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zinazivaa ncha za mizizi ya miyombo na mitondoro kama soksi. Mti unaulisha uyoga sukari, na uyoga unauletea mti maji na chakula cha udongoni. Ndiyo maana huwezi kuupanda shambani kama muhogo. Ulinisikiliza, ukasema, "Kumbe ni mke na mume hao." Ulielewa, baba. Hilo ndilo linaloniumiza. Ungekuwa hukuelewa, leo ningekuwa na pa kujishikilia.

Siku ninaondoka ulisimama mbele ya mjomba na shangazi ukasema, "Kichaka kile ni cha Mwanaidi. Panga la mtu halitaingia mle nikiwa hai." Sikukuomba useme. Ulisema mwenyewe.

Basi masika haya nikakuomba uniokotee uyoga wa utafiti wangu, uukate vipande, uukaushe, uufunge kwenye gazeti, kama ulivyofanya zamani. Kifurushi kilinifikia salama. Nilikibeba mpaka chuoni bila kukifungua, nikitaka tukifungue pamoja na mwalimu wangu. Ni mama wa makamo, mpole, na alikuwa amekubali kuja nami Handeni vuli hii kukiona kichaka. Alikuwa ameshaanza kujifunza kusema shikamoo ili akuamkie.

Nikafungua gazeti mezani. Vipande vilikuwa vya rangi ya kahawia iliyoiva, ngozi yake laini, haina gamba hata moja. Matundu yake ya manjano. Nikasema moyoni labda ni kukauka tu. Mwalimu akachukua koleo ndogo, akabandua kitu kilichogandia kwenye ngozi ya kofia, akakiweka kwenye karatasi nyeupe. Jani jembamba kama sindano. Akabandua na jingine.

"Mwanaidi," akaniuliza, "kwenu kuna misindano?"

"Hakuna."

"Uyoga huu hauoti mahali pasipo na msindano. Ukiwa mbichi kofia yake inateleza, ndiyo maana majani yameganda. Si mlango mmoja na ule wako. Hata ukoo si mmoja. Miti hiyo ililetwa na watu Afrika, na uyoga ukaja nayo kwenye mizizi." Akaweka koleo chini. "Nani alikuokotea?"

"Baba yangu."

Alilikunja gazeti polepole, kwa adabu, kama mtu anayemfunika maiti uso. Baba, afadhali angenigombeza.

Nilitoka nje nikampigia mama. Nikamwambia, "Mama, kichaka kipo?" Akaanza habari za goti. Nikamuuliza tena. Akasema, "Muulize baba yako." Nikamwambia, "Nakuuliza wewe uliyenizaa." Ndipo akalia, akanieleza yote.

Kwamba miti ilikwisha tangu masika ya mwaka juzi. Kwamba Hamza alitaka shamba la ufuta, na kabla ya ufuta wakachoma mkaa. Kwamba hukulazimishwa na mtu. Wewe ndiye uliyewatangulia wachoma mkaa, ukawaonyesha mpaka kwa fimbo yako, na ukawaambia waanzie upande wa kisimani, kule ambako mama alikuwa akituokotesha sisi. Kwamba picha ulizonitumia mwaka jana, nilizowaonyesha wenzangu darasani kwa majivuno, zilikuwa za miaka ya nyuma.

Na akaniambia habari za Vugiri. Kwamba nilipoomba uyoga wenyewe hukuwa na picha ya kunidanganyia, ukapanda basi mpaka Korogwe, ukapanda bodaboda mlimani kwenye mvua, ukaomba kulala kwa rafiki yako mwenye shamba la misindano. Ukarudi na mfuko wa uyoga na homa, na kikohozi ambacho nimekuwa nikikuulizia kila tunapoongea, nawe unaniambia ni vumbi la mahindi.

Mzee mwenye mgongo kama wako, kupanda mpaka Vugiri ili anidanganye vizuri! Nilikaa kwenye ngazi za chuo nikacheka, halafu nikalia, watu wakinipita. Kuna saa nasema, ananipenda baba huyu, angalia alivyoteseka. Kisha nakumbuka fimbo yako ikiwaonyesha mpaka. Nguvu zile zote, baba, zingetosha kabisa kusema sentensi moja: "Mwanangu, nimekikata."

Nilipokupigia wewe, hukukana. Kwa hilo nakushukuru. Ulisema, "Mwanaidi, wewe umeshakwenda. Hamza yuko hapa. Shamba linamtaka aliyepo."

Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Nilikwenda kwa ruhusa yako, baba. Ulinisomea dua, ukaniambia nikasome nirudi. Hukuniambia kwamba nikivuka lango la stendi nimeshatoka kwenye hesabu ya watoto. Ningejua ningeaga namna nyingine. Na Hamza ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, simchukii. Angeniomba nusu ya kichaka ningempa, na hilo unalijua. Lakini hakuna aliyeniomba. Mlinifanya mgeni kwanza, ndipo mkanificha kama mgeni anavyofichwa aibu ya nyumba.

Mwalimu nilimwambia ukweli wote. Sikukuremba wala sikukutukana. Alisema pole, kisha akasema kazi yangu haiwezi kusimama juu ya kichaka kisichokuwepo. Sehemu iliyohusu kwetu imeondolewa. Nitamalizia kwa msitu wa Wazambia, kwa uyoga uliookotwa na watu nisiowajua. Safari yake ya Handeni imekufa. Ile shikamoo aliyojifunza sasa ananipa mimi kila asubuhi, na mimi naitikia marahaba, hajui inavyonichoma.

Sasa nina ombi, na naomba ulisikilize kama baba. Mama anasema visiki bado vimo shambani, vingine vimechipua, na kwamba Hamza akishavuna ufuta ataleta trekta kuving'oa. Baba, miyombo haifi kwa kukatwa. Kisiki kikiwa hai mizizi iko hai, na mizizi ikiwa hai, huenda uyoga ule bado umejificha humo chini na nyuzi zake, unasubiri mti ukue ndipo uinue kichwa. Itachukua miaka, labda mimi nitakuwa mzee. Trekta likipita, hakuna cha kusubiri. Sikuombi kichaka kizima tena. Naomba upande wa kisimani tu, alipokuwa akituokotesha mama. Simama mbele ya trekta hilo kama ulivyosimama mbele ya mjomba na shangazi. Ukishindwa kwa ajili yangu, fanya kwa ajili ya mama.

Vuli nitakuja, tiketi nilishakata. Lakini nitafikia kwa shangazi, Korogwe. Nimeshaongea naye, amenitandikia chumba. Usikasirike na usimlaumu, nimemwomba mimi. Nitakuja kukuamkia mchana na nitarudi kulala kwake, mpaka moyo wangu utakapokubali kulala tena kwenye nyumba yako.

Nisalimie mama yangu, umwambie simlaumu kwa kunyamaza, ila asinyamaze tena. Nisalimie bibi aliye chumba cha nyuma, mwambie namletea sweta la sufu. Nisalimie mjomba, na mke wake anayetukanda miguu kwa dawa. Wifi yangu, mke wa Hamza, mpe hongera ya ujauzito, hana kosa lolote kwangu. Na Hamza mwambie dada yake anamsalimu. Zaidi ya hapo sijui nimwambie nini.

Jibu la ombi langu usiniandikie, wala usinitumie picha yoyote. Nitakuja kuangalia kwa macho yangu.

Ni mimi binti yako, na sijaacha kuwa binti yako,

Mwanaidi