Shati la Tatu

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hapa hatujambo. Mimi mzima kabisa, nyumba nzima, paka wa jirani tu ndiye mwenye malalamiko. Wewe je, na hilo gari lako la mikate? Usiache kula kwa sababu unashinda ukinusa chakula.

Usinikasirikie kwa kutopokea simu. Unajua mashine za dobini zimeniharibu masikio. Kwenye simu nasikia neno moja na kukisia manne. Mwandiko huu nao usikushangaze, kalamu niliyonunua ni mbovu.

Nina habari njema. Yule daktari wa Mfuko, anayetakiwa kuthibitisha kwamba mkono wangu wa kulia haufai tena kazi ili nipate pensheni ya ulemavu, alikuja jana. Nilifagia, nikavaa gauni la bluu lenye mikono mirefu, asije akaviona vidole vilivyopinda akapoteza hamu ya chai. Ni mtu wa heshima, ila koti lake, mwanangu, lilikuwa kama limetoka mdomoni mwa ng'ombe. Mimi niliyenyoosha mashuka ya hoteli pale dobini tangu hoteli yenyewe haijawa na ghorofa, nimkalishe mtu sebuleni kwangu na koti la namna hiyo? Nilimwambia avue. Nikawasha pasi. Yeye akiuliza maswali yake, mimi nikijibu, nililinyoosha mpaka kola ikasimama yenyewe. Alifurahi hadi akajitazama kwenye kioo cha kabati.

Kwa wema ule, hawezi kuniandikia vibaya.

Shangazi yako

*

13 Februari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta salama, na pasi ikiwa imezimwa. Mimi sijambo, na mikate inakwenda.

Nilikusoma nikiwa nimeegesha gari nyuma ya duka, nikacheka mpaka mwenye duka akatoka kuchungulia. Halafu nikaacha kucheka. Shangazi, huyo mtu alikuja kuuona mkono uliobanwa na mashine ya pasi, nawe ukampigia pasi. Sasa unafikiri ataandika nini?

Nijibu jambo moja, na usinizungushe. Alipoondoka, mkono ulikuwaje? Na hiyo kalamu mbovu uliishika kwa mkono upi?

Mpwa wako

*

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nisamehe kwa kukawia, nilikuwa natafuta namna ya kulisema hili bila wewe kupanda basi.

Shukrani ya punda ni mateke. Mfuko umenikatalia. Daktari ameandika kwamba nilimpokea nikiwa nimesimama, mchangamfu, nikasema mimi ni mzima, na kwamba nilipiga pasi koti lake "kwa ustadi mkubwa, kwa mikono yote miwili." Hapo kwenye ustadi mkubwa sina la kumpinga.

Meneja wa dobi naye amepata nakala. Ameniita, akasema kama wataalamu wameona naweza, basi mwezi ujao nirudi kwenye mashine, ile ile, au niandike barua ya kuacha kazi. Nimemwambia nitarudi. Sijawahi kula cha mtu, na sitaanza kuombaomba maofisini uzeeni.

Swali lako la mkono sikulijibu kwa sababu halina maana.

Shangazi yako

*

27 Machi

Shangazi, shikamoo.

Leo sikuulizi hali, maana najua utaniambia mzima.

Siku mashine ilipokubana, wewe uliniandikia kwamba umejigonga kidogo. Aliyenieleza ukweli ni mwenzako, yule mama mkunja mashuka, kwamba walihangaika kuifungua huku wewe ukiwaambia wasiharibu shuka. Mficha maradhi kilio humuumbua, shangazi. Mimi sitaki kuja kwenye kilio. Ukirudi kwenye mashine na vidole visivyofumba, itauchukua na mkono wa pili.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila ruhusa yako. Huko kwenu, nyuma ya posta, kuna kituo cha msaada wa kisheria, na ndani yake kuna wakili mwanamama ambaye kazi yake ni watu walionyimwa na Mfuko. Hatozi. Nimezungumza naye kwa simu. Anasema kukataliwa si mwisho, kuna rufaa, ila rufaa ina muda wake na wako umeshaanza kuyoyoma. Anakuomba usisaini chochote na usiguse mashine mpaka akuone.

Hilo la kuombaomba pia nimemuuliza, maana nakujua. Amesema kila mwezi walikukata mshahara kwa ajili ya Mfuko huo, kwa ajili ya siku kama hii. Mtu akipeleka nguo kwa dobi, kisha akaenda kuzichukua, nani atamwita ombaomba?

Ukimfukuza, nitakuja na gari la mikate nilale mlangoni kwako.

Mpwa wako

*

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Wakili wako amekuja. Nimempenda, kisha nimegombana naye, na nitakueleza yote mawili.

Aliingia na koti lenye mikunjo. Nami kwa mazoea nikanyoosha mkono nilipokee. Akalishika kifuani. "Mama, hili litabaki na mikunjo yake. Nimekuja kuona mkono." Nikajua nimekutana na mtu.

Hakuniuliza kama naweza kupiga pasi. Aliniuliza baada ya lile koti la daktari kulifuata nini. Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo isipokuwa wewe, na wewe nilikunyima jibu. Basi nikasema. Kwamba mkono ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Kwamba jirani alinifunga vifungo vya gauni, na uji niliunywa kwa kikombe maana kijiko kilinishinda. Kwamba barua zako naziandika kwa kushoto. Kalamu haina kosa.

Akanieleza kwamba sheria haiulizi kama mtu anaweza jambo mara moja, mgeni akiwa sebuleni. Inauliza kama anaweza kulifanya kama kazi, asubuhi mpaka jioni, na kesho arudi tena. Koti moja si siku ya kazi. Lilikuwa jambo jepesi hivyo, na mimi sikuwa nimelijua. Ameshamwandikia meneja kwamba asinirudishe kwenye mashine rufaa ikiwa bado inaendelea. Amekwenda kwa daktari aliyenishona kuchukua maelezo yake, na mkunja mashuka amekubali kutoa ushahidi.

Tuligombana mwishoni. Anataka mbele ya baraza la rufaa nipige pasi mashati, moja baada ya jingine, mpaka mkono ukatae. Nimekataa. Watu wote dobini wananiita Mama Pasi. Leo nisimame mbele ya wenye suti, nishindwe na shati? Nilimmiminia chai, kisha nikamwonyesha mlango.

Shangazi yako

*

15 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mimi sijambo, ila mgongo unaniuma kwa kubeba makreti, na usiku huu sikulala vizuri kwa kukuwaza. Umeona? Nimesema na sijafa. Nakuandikia ili ujifunze namna inavyofanywa.

Hakuna anayekuomba ushindwe. Anakuomba ufanye kazi yako mbele ya watu ambao hawajawahi kuiona. Shati likikushinda, aliyeshindwa ni mkono, na huo mkono uliliwa kazini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sare zangu za shule ulizipiga pasi mpaka mwalimu akaniuliza kama nyumbani tuna mtumishi, nami nikamjibu kwamba tuna shangazi. Nenda ukawaonyeshe huyo shangazi.

Nimeomba ruhusa nije kusimama nawe. Nimenyimwa. Kwa hiyo utanisimulia kila kitu, na usirukeruke.

Mpwa wako

*

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda.

Chumba chenyewe kidogo, meza ndefu, feni inayopiga kelele. Mwenyekiti wa baraza ni mama mwenye miwani ya kamba, na pembeni yake wenzake wawili. Wakili alikuja amebeba meza ya kupigia pasi kwapani, pasi, na mashati yake mwenyewe meupe, yamefuliwa hayajanyooshwa. Wakili wa Mfuko akapinga, akasema huo ni mchezo wa kuigiza. Mwenyekiti akamjibu kwamba pasi ililetwa kwanza na ripoti ya daktari wao, kwa hiyo ataitazama.

Shati la kwanza, mwanangu! Kola, mabega, mikono, kifua, kwa mpangilio wangu ule ule. Mstari wa mkono ungekata mkate wako. Nikamwona wakili wa Mfuko akishika kola yake kimyakimya. Nilijivuna, sikufichi. Wakili wangu akanipa la pili. La pili nililimaliza, lakini kola ilinichelewesha, jasho likanidondokea, na pasi nikawa naisukuma kwa kiwiko. Akanipa la tatu.

Hapo vidole vilikataa. Nilivifumba, vikafunguka. Nilijaribu tena. Pasi ikalala upande, na wakili akaidaka kabla haijaunguza. Shati likabaki pale, upande mmoja umenyooka, upande mwingine kama lilivyotoka kwenye maji. Sijawahi kuacha kazi namna ile mezani.

Wakili akaniuliza, taratibu, kama mtu aliyepita nyumbani kusalimia: "Mama, hujambo?"

Nilifungua mdomo niseme sijambo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, kama linavyofika siku zote. Nikamtazama mwenyekiti, nikasema: "Mkono unaniuma. Unaniuma kila siku tangu mashine ile iliponibana, na kazi yangu siiwezi tena. Niliiweza kuliko mtu yeyote, na sasa siiwezi."

Nilisema nikiwa nimesimama wima, mwanangu, na sauti haikutetemeka. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Wameahidi kutoa uamuzi kwa maandishi.

Jana na juzi nimelala tu, mkono juu ya mto. Nakwambia kwa sababu umetaka kujua.

Shangazi yako

*

18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo mkono unauma tangu alfajiri kwa sababu ya mvua. Masikio ni yale yale. Moyo ni mzima kabisa. Hiyo ndiyo hali yangu, na mkono wangu wa kushoto sasa unaandika vizuri kuliko wako wa kulia.

Tumeshinda. Pensheni nimepewa, na ile mashine sitaikaribia tena. Wakili alikuja kunisomea uamuzi, nami nikamwomba arudie mahali pamoja. Baraza limeandika kwamba shati la kwanza linathibitisha ufundi wa mkata rufaa, na la tatu linathibitisha dai lake. Mkata rufaa ndiye mimi. Mkunja mashuka ameisambaza habari hiyo dobini kote, na wawili waliokuwa wakificha maumivu ya migongo yao wameshaulizia njia ya nyuma ya posta.

Nilimwomba wakili anipe lile shati la tatu. Akacheka, akanipa. Nimelitundika sebuleni, juu ya kiti alichokalia daktari, upande mmoja umenyooka na mwingine una mikunjo yake yote. Jirani aliliona akataka kunisaidia kulimalizia. Nimemwambia akae chini anywe chai.

Wewe likizo yako ikifika, njoo. Uniambie mgongo unaendeleaje, na unieleze kweli. Shati utaliona ukiingia tu. Usiliguse.

Shangazi yako