Pambo Lililosahau Kilicho Ndani

Kaka,

Natumaini feni ya ofisi yako mpya inazunguka. Mama anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Wewe ndiye uliyenifundisha pambo: programu inayofanya kazi haiguswi, inavikwa nyingine kwa juu. Ya nje inaongeza mambo yake, kisha inaiita ya ndani ifanye kazi yake. Mimi niliandika ya ndani, ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kliniki. Wewe ukaivika pambo la salamu tamu, ukasahau kuiita ya ndani. Skrini ikaandika "umetumwa", na hakuna ujumbe uliotoka. Watu wakakosa dawa.

Bosi akanigeukia mbele ya wote: "Huyu mtoto anatuaibisha!"

Nawe ukasema, "Bado anajifunza, bosi, msamehe tu."

Nisamehewe nini, Kaka? Sikukutaja kwa sababu ni wewe, na mbele za watu siwezi kubishana.

Juzi nilifukuzwa. Mstari uliousahau, wa kuiita ya ndani, niliuandika kabla sijatoka, maana wagonjwa hawana kosa. Mpigie bosi umwambie ukweli. Usipompigia, Jumatatu nitakwenda kumwambia mimi mwenyewe, hata kama ni mbele ya wote.

Mdogo wako