Moto Kutoka kwa Mama Kipruto

Mama,

Mvua imenyesha. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Viazi vya shamba la chini vimechipua, na yule ng'ombe wako mkorofi amezaa ndama jike. Bado anapiga teke akikamuliwa. Namwambia tabia hiyo aliitoa kwako.

Sikurudi Nakuru. Kibanda cha kushona nimemwachia mwenzangu, nami niko hapa Keringet, kwenye jiko lako la kuni, nakuandikia. Watu wanadhani nimebaki kwa sababu ya majonzi. Ni kweli nakulilia. Kuna asubuhi natoa vikombe viwili vya chai kabla sijakumbuka. Lakini kilichonishika hapa hasa ni mshangao. Uliacha nyuma yako jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kulistaajabia, na sasa kuna mtu anataka nimpe jibu lake.

Mtu mwenyewe ni Kipruto, wa hapa ng'ambo ya ua.

Nitakusimulia tangu mwanzo. Mwishoni ulikuwa umeyasahau yote, na sijui kama huko uliko watu hurudishiwa kumbukumbu zao.

Nilipokuwa mdogo hakukuwa na ua kati yetu na kina Kipruto. Moto ukizimika kwetu, ulinituma na kigae cha chungu kwa Mama Kipruto nikaombe makaa. Ukizimika kwao, Kipruto alitumwa kwetu. Viberiti vilikuwepo dukani, lakini wewe ulisema kiberiti ni cha mtu asiye na jirani. Ulimwekea Kipruto majivu kigaeni kwanza, kisha makaa mawili matatu juu yake, na ulimwambia maneno yale yale uliyotuambia sisi: "Beba vizuri, usichome mtu." Naye alikwenda taratibu, kaptula imetoboka nyuma, ulimi nje kwa uangalifu. Tulikuwa tukimcheka.

Halafu ukaja ule uchaguzi. Mimi siasa sizijui, Mama, ila najua nilichokiona. Watu waliokuwa wakigawana mbegu za viazi walianza kuulizana majina ya babu zao. Jioni moja tukajikuta wewe na mimi tumelala kifudifudi kwenye shamba la pareto, tukitazama nyumba yetu ikishika moto. Kati ya vijana waliokuwa uani alikuwemo Kipruto, sweta ya shule bado mwilini, na kijinga cha moto mkononi. Sote wawili tulimwona. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na picha ya pekee ya Baba. Siku hizi nikitaka kumkumbuka marehemu Baba natazama kidevu changu kwenye kioo, kwa sababu ulisema ni chake.

Tulipotoka kwenye mahema ya wakimbizi kule Nakuru na kurudi, ulipanda ua wa kayaba kabla hata mabati hayajaisha kupigiliwa. Ukaupanda mnene, wenye miiba ya kumrarua hata kuku. Mama Kipruto akawa "yule wa ng'ambo." Jina lake hukulitaja tena, maana kulitaja ni kumtaja mwanawe. Kanisani mlikaa pande mbili, na wakati wa kupeana mikono ya amani ulikuwa unapata kikohozi. Chifu alipoitisha baraza akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, ulisimama mbele ya watu wote ukamwambia, "Si ndwele kwa mtu mwenye alilala kwa nyumba yake." Watu walicheka, na chifu akaangalia viatu vyake.

Na kuna jambo moja ambalo mimi tu nililijua kwa sababu nilikaa ubavuni mwako. Kila Jumapili, tukisali ile sala ya Bwana, ulikuwa unanyamaza tukifika pale pa kusamehe waliotukosea. Unafunga mdomo, mstari unapita, unaufungua tena. Nilikuuliza siku moja. Ukasema, "Siwezi danganya Mungu na yeye ananiangalia." Mama, nimesikia mahubiri mengi maishani, na sijasikia imani kubwa kuliko hiyo.

Kisha ukaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha siku ya soko la Olenguruone, kisha kwamba Baba alifariki. Nilikuja kukaa nawe. Akina mama wa kanisa walikuja kukuombea. Walizunguka kiti chako wakakemea pepo wa kusahau kwa sauti ya juu, na walipotulia kupumua ukawauliza, "Na nyinyi mmetoka wapi? Mmekula?" Mmoja wao alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo mlikunywa chai yote ya nyumba hii.

Nilikupeleka pia Nakuru kwa daktari wa mambo ya akili. Akanieleza kwa upole kwamba kumbukumbu zilizoingia mwisho ndizo hutangulia kutoka, na kwamba yale ambayo mikono imeyazoea kwa miaka mingi hung'ang'ania. Nilidhani nimemwelewa. Nilitarajia utasahau jina langu na kukumbuka kusuka kikapu.

Sikutarajia nitoke kukamua asubuhi nikukose kitandani. Nilikutafuta zizini na bombani. Ndipo nikasikia sauti yako kule kwenye kayaba, ile sauti yako ya zamani, ya mwanamke mwenye nguvu: "Mama Kipruto! Hodi! Nimekuja kuomba moto!"

Ulikuwa umejipenyeza kati ya miiba na kigae mkononi, mikono imechanika inatoka damu, na huna habari. Mama Kipruto alitoka nje akasimama. Alikuangalia kwa muda mrefu sana. Nikaogopa atakufukuza, na nikaogopa zaidi kwamba hatakufukuza. Akasema, "Mama Nyambura, ni wewe? Kuja. Kuja ndani." Aliyachagua makaa moja moja kama anayechagua mbegu, na machozi yanamtiririka, nawe ukamwuliza kama ni moshi.

Tangu siku hiyo ulikuwa unaenda karibu kila asubuhi. Nyumbani tulikuwa na gesi, lakini nani angekueleza? Ulipoendelea kuchanika nilichukua panga nikakata upenyo kwenye ua. Nilikata kwa ajili ya mikono yako tu, Mama. Moyo wangu ulikuwa bado ng'ambo hii.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mama Kipruto alikuwa na maumivu ya magoti, kwa hiyo Kipruto ndiye aliyekuwa jikoni ulipobisha. Siku hizi ni mtu mzima, ana watoto wake, ni mwenyekiti wa vijana wa bodaboda hapa stendi. Miezi yote ile alikuwa akikuona unakuja anatokea mlango wa nyuma. Siku hiyo hakuwahi. Alikuwekea majivu, akaweka makaa, akakunyooshea kigae. Mikono yako ilikuwa inatetemeka. Ukamtazama usoni, ukamwambia, "Wewe ndiye utabeba. Beba vizuri, usichome mtu."

Hayo alinisimulia baadaye. Mimi nilichokiona, nikiwa mlangoni, ni Kipruto anapita kwenye upenyo wa ua, anakuja kuelekea nyumba yetu, na moto mikononi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilishika fremu ya mlango. Nilirudi kuwa msichana wa kwenye pareto, nikasikia hata harufu yake. Wewe ulikuwa nyuma yake, umeshika mkia wa shati lake usije ukaanguka, ukimhimiza taratibu, taratibu. Alinipita bila kuniangalia. Akapiga magoti hapa hapa nilipo, akayaweka makaa kati ya mafiga, akapuliza mpaka moto ukashika. Alipoinuka nikaona vidole vyake. Majivu yalikuwa machache, kigae kimepata moto njiani, na hakukiweka chini hata mara moja. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge.

Ukamwona, ukapaka maziwa mtindi vidole vile kimoja kimoja, huku ukimsuta kwamba watoto wa siku hizi hawajui kubeba moto. Yeye akalia kama mtoto. Nami nilisimama pale, Mama, na sikujua nilichokuwa nakitazama. Nimeingia makanisa makubwa, nimeona ziwa likiwa limejaa ndege mpaka maji hayaonekani, lakini sijawahi kustaajabu kama nilivyostaajabu mbele ya jiko hili lenye masizi.

Jumapili iliyofuata ulisali sala yote. Ulipita pale pa kusamehe bila kusita, kwa sauti, na mimi kando yako nikashindwa kumalizia.

Kifua ndicho kilichokuchukua, msimu wa baridi. Kipruto alichimba kaburi na hakutaka kupokezana. Mama yake alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda, akakaa na wanawake wa upande wetu siku zote za matanga, na hakuna aliyekohoa.

Lakini siasa zimerudi. Magari yenye vipaza sauti yameanza kupita barabarani, na tayari kuna watu sokoni wanaoshusha sauti nikikaribia. Wiki iliyopita Kipruto alikuja, akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akazungusha kofia mkononi mpaka nikamwambia aseme.

"Kuna watu walikuja na gari mbili pale stendi," akasema. "Wanataka vijana, na si ya mkutano. Hawa vijana wananisikiza mimi. Nataka nisimame niwaambie ile kitu nilifanya hapa kwenu. Niwaambie yote. Lakini wataniuliza, huyo mathe alisemaje? Sasa nitasema nini, Nyambura? Alinisamehe ama alisahau tu?"

Nilimwomba anipe muda. Yeye ananingojea mimi, na hao wenye magari hawamngoji yeye.

Nimewaza, Mama. Mchungaji anasema Mungu alikutumia. Daktari, nilimpigia simu, akasema hilo halipimwi na mashine yoyote aliyo nayo. Nikageuza ugonjwa wako mkononi mwangu kama kiazi, nikitafuta upande wenye jibu. Ugonjwa ulichukua funguo zako, ukachukua kifo cha Baba, ukachukua moto ule, ua ule, miaka yote ya kukohoa kanisani. Ulikuwa unachukua tu, hauleti kitu. Kwa hiyo yule mwanamke aliyesimama kwenye miiba akiita jina la jirani yake hakuletwa na ugonjwa. Alikuwa humo siku zote. Wewe ulimfungia ndani miaka yote hiyo, na hakufa. Hilo ndilo linaloniduwaza mpaka nasahau kugeuza kuni.

Lakini kama ulimjua Kipruto siku ile kuwa ndiye yule wa kijinga, sijui. Maneno uliyomwambia ulikuwa ukimwambia kila mtoto. Labda ulimwona yule wa kaptula iliyotoboka. Labda uliwaona wote wawili. Sitamdanganya mtu juu ya hilo, kwa sababu nimelelewa na mwanamke aliyekuwa akinyamaza katikati ya sala.

Nitamwambia Kipruto sijui. Nitamwambia pia kwamba wewe umelala, na aliyebaki ambaye alikuwa kwenye pareto ni mimi. Swali lake alilielekeza kwako, na naona tangu mwanzo lilikuwa langu.

Kwa hiyo sikiliza ahadi yangu. Leo sitaongeza kuni. Nitauacha moto huu ufe wenyewe, na gesi sitaigusa. Kesho kukipambazuka nitachukua kigae chako, kile kile, nipite kwenye upenyo wa kayaba, nibishe hodi. Wewe ulienda ukiwa umesahau. Mimi nitaenda nikikumbuka kila kitu: kijinga, sweta ya shule, picha ya Baba. Naogopa, Mama. Lakini nitaita jina lake kwa sauti, Mama Kipruto, nimekuja kuomba moto, na Kipruto akitoka nitampa kigae akishike upande mmoja, nami upande wa pili, tuulete hapa pamoja. Akiyaona hayo atakuwa na la kuwaambia vijana wake.

Pumzika, Mama yangu. Nimeweka majivu ya kutosha kwenye kopo, vidole vya mtu visiungue tena.

Nitaubeba vizuri.

Nyambura wako