Chumba cha Juu cha Dalmas

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mlango umekataa kufunga tena. Nimeusukuma na bega, nikausukuma na makalio — na mimi si mwembamba! — wapi. Ufa wa karibu na dirisha umeshuka mpaka chini. Mwezi wa pili ulikuwa unaingia kisu. Leo kimeingia kidole.

Lakini nisilie kama mtu hana kitu. Hii ni nyumba yangu. Mimi Filister, darasa la saba, miaka kumi na tisa mpangaji Kibera, nimeuza mapazia ya mitumba soko la Toi mpaka nikajenga hapa Kawangware. Ya mawe! Halafu nikaweka chumba kingine juu. Laini yetu yote hakuna mama mwingine ameweka juu. Chumba cha Dalmas wangu, mwalimu wa fizikia. Kina vigae, kina choo chake, kina tangi la maji. Ukisimama kwa dirisha unaangalia paa za watu wote.

Kaloki, mpangaji wangu wa chumba cha kando, ameniita asubuhi. Eti Mama Dalmas, nyumba yako imefungua mdomo, iko karibu kuongea. Nikamwambia ikiongea kitu ya kwanza itakuuliza rent. Tumecheka.

Nimetoa lile pazia zito la maroon, la kuuza elfu mbili, nikatundika juu ya ufa. Limependeza!

Jumatano, 9 Aprili

Fundi Nalianya amekuja. Ni yeye alijenga chini. Ya juu nilimpa fundi wa bei rahisi, kwa sababu Nalianya alikuwa na maswali mengi.

Hata chai hajakunywa, amefunua pazia. Akatoka nje, akachimba kwa kona. Msingi umeishia chini ya goti lake. Baada ya hapo ni udongo wa kujaziwa — mifuko ya plastiki imetoka, na kandambili ya mtoto.

Akasema, "Mama Dalmas, mimi nilikujengea miguu ya kubeba mtu mmoja. Wewe ukambebesha mwingine mgongoni."

Njia ni mbili. Kubomoa juu, halafu chini anarekebisha kidogo, elfu sitini. Ama juu ibaki, na yeye achimbe chini ya ukuta kipande kwa kipande — futi nne, chuma, zege, ngoja ikauke, ruka, chimba kingine. Ukichimba yote mara moja ukuta unakaa chini kama mlevi. Hiyo ni laki mbili na themanini. Nikamuuliza kama anajenga benki.

Kabla aende amebandika kipande cha kioo juu ya ufa na simiti. Kikipasuka, ukuta bado unatembea. Nimerudisha pazia.

Alhamisi, 10 Aprili

Kioo kizima. Nimekiangalia mara sita. Nalianya anapenda kutisha wajane!

Jumamosi, 12 Aprili

Dalmas amekuja na mke wake Mourine kutoka ghorofa za Nyayo Highrise. Shule zimefungwa. Nimechinja jogoo. Shati la Dalmas jeupe, mpaka majirani wakatoka kuangalia.

Amegonga ukuta kwa vidole kama daktari. Akapanda ngazi ya ndani. Chumba hakuingia, amesimama tu mlangoni. Miaka miwili tangu nimalize na hajawahi kuvua viatu huko.

"Mama, bomoa hii kitu."

"Kitu? Ni chumba chako!"

"Nani alisema nitalala hapa? Mimi na mke wangu, juu ya kichwa chako?"

Anajua, na mimi najua. Kwetu kijana akikua anatoka nyumba ya mamake, analala kwa simba yake, kanyumba ka kijana, kando. Mwenye bibi kulala chini ya paa la mama ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mtu anakonda tu mpaka anaisha. Najua! Lakini nikijenga nilijiambia Nairobi si dala, si boma la kwetu. Hapa watu wanalalana juu ghorofa tano na hakuna mtu amekonda.

Nikamwambia hata wewe huko Nyayo unalala juu ya mama ya mtu.

"Lakini si mama yangu," akasema. Mourine akacheka, akajifanya ni kikohozi.

Ukweli wa moyo — nani atasoma hapa? — nilitaka tu kusikia miguu yake huko juu. Tangu babake aende, kimya ya hii nyumba inanikula.

Jumatatu, 14 Aprili

Kioo kimepasuka. Mstari mmoja, katikati.

Kaloki amehama na mkokoteni. Ameniachia jiko lake, eti zawadi. Zawadi ya nini na sijakufa?

Jumatano, 16 Aprili

Nimeuza kibanda cha Toi. Basi. Nimeandika.

Aketch wa kibanda cha pili ndiye amenunua, pamoja na kamba zangu za kutundikia na misumari niliyopiga mimi mwenyewe. Akiniwekea pesa mkononi akauliza, "Si yule mwalimu wako wa fizikia angelipa hii kazi?" Nikamwambia Dalmas alitaka kulipa yote, mimi ndiye nilikataa. Mungu anisamehe, hiyo sentensi ilikuwa tamu.

Dalmas hajui. Nitamwambia kazi ikiisha, akiona ukuta umesimama.

Nalianya ameanza. Vipande viwili vya mbele vimechimbwa, ukuta umeegemezwa na miti. Kesho zege. Amesema mtu asilale ndani mpaka amalize. Nimeitikia. Nitalala ndani. Niende wapi? Kwa Aketch, aniulize chumba cha juu ni cha nani? Afadhali ukuta.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua. Jana balasti ya zege ilichelewa, usiku mashimo yakajaa maji. Nalianya anachota na karai, yanarudi. Zege haimwagwi kwa maji. Kufukia pia hataki, udongo umekuwa uji. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Na kibanda hakuna!

Dalmas amepiga simu. Nalianya amemwambia yote, hata kibanda. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali anigombeze. Amesema polepole, "Mama, toka leo. Ukitoka tu, vijana wanapanda na nyundo wapunguze uzito." Basi sitoki. Nikitoka, narudi nakuta anga.

Mourine akachukua simu. Eti Mama kuja ukae na sisi, chumba kiko. Nikamwambia mama halali kwa nyumba ya mwanawe, ni mwiko.

Akasema, "Kumbe miiko Mama anaikumbuka? Ilikuwa wapi siku ya vigae?"

Huyo msichana nampenda. Lakini ana mdomo.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili, saa tisa mchana

Kanisa sikuenda. Mlango umekwama ukiwa wazi kidogo tu. Haurudi, hauendi. Mtu mwembamba anapita upande-upande. Mimi sipiti. Dirisha lina vyuma — niliviweka mimi, vizuri sana.

Dalmas amekuja na Mourine na Nalianya. Amepenya peke yake, shati jeupe limechafuka lote.

"Mama, turuhusu tuvunje mlango. Utoke."

"Ukivunja mlango utavunja na juu."

"Ndiyo. Na juu."

"Basi nenda nyumbani. Mimi niko kwangu."

Ameniangalia sana. Nikadhani atalia. Halafu ameinama, amefungua kamba za viatu. Ameviweka kando ya vyangu, vimenyooka, vile nilimfundisha akiwa mdogo Kibera.

"Kama wewe hutoki, hata mimi nimekuja kulala nyumbani," akasema. Akapanda.

Nimepiga kelele. Chira! Dalmas! Shuka!

Akanijibu kutoka juu, "Mama, si hii ni Nairobi?"

Sasa nimekaa kitandani na hii biro kwa sababu mikono inataka kitu cha kushika. Mourine yuko dirishani na mwavuli, analia, ananiita Mama, Mama, sema tu ndiyo. Nalianya ameshika nyundo mlangoni. Ameniuliza mara mbili kama avunje. Kioo kile kimeanguka chini, vipande vyote viwili. Pazia linatikisika na hakuna upepo.

Na yeye anatembea. Kutoka mlango mpaka dirisha, kutoka dirisha mpaka kitanda. Miguu mizito kama ya babake. Kila hatua, vumbi la simiti linaanguka kwa hii karatasi. Nalipuliza. Linaanguka tena.

Hivi ndivyo nilikuwa nafikiria ingesikika. Hivi hivi kabisa.

Nalianya ameuliza mara ya tatu. Nitasema ndiyo. Nimeshaamua, nasema sasa hivi. Wacha tu kwanza arudi kutoka kwa dirisha, mara moja tu —